Saa za bahari: maswali yenu ya wiki hii

Maswali mengi safari hii ni ya usiku. Naona giza la mwezi limewakuta watu majini.

Nikivuka kutoka Manda usiku, kila nikipiga kasia maji yanawaka. Mchana vitu hivi vinavyowaka huenda wapi? (Nahodha, Shela)

Haviendi popote, nahodha. Ni vijidudu vya chembe moja, na vina saa ndani yao. Hata ukivifungia gizani kutwa nzima, mchana ukivitikisa vitawaka kwa shida. Ukifika wakati wa usiku vinawaka vizuri, ingawa jua havikuliona likizama. Aina moja iliyochunguzwa sana huvunja kemikali zake za mwanga kukicha, ikaziunda upya kuchwa. Bibi yangu alisema ni majini na mashetani. Walau saa zao alizipatia.

Mwalimu alitufundisha kwamba vijidudu vya bahari hutoa oksijeni. Hakuna kingine? (Mwanafunzi, Malindi)

Kipo tele, mwanangu, na hapa ndipo penye utamu. Karibu nusu ya usanisinuru wa dunia, yaani kupika chakula kwa mwanga wa jua, hufanyika baharini. Mmoja wa wapishi wakuu ni bakteria aitwaye Prochlorococcus, aliyetangazwa mwaka 1988 na Sallie Chisholm na wenzake. Ni mdogo mno: wapange zaidi ya 1,500 ndipo upate milimita moja. Kijiko cha chai cha maji ya bahari kuu yenye joto huweza kubeba laki kadhaa. Usiwatafute mlango wa mto Sabaki kwenye maji mekundu ya udongo. Wao ni wa maji ya buluu, nje kabisa ya miamba.

Mchana wanapika sukari kwa jua, na sehemu ya kaboni waliyoinasa huvujia majini. Jioni wananakili DNA, usiku wanagawanyika. Sasa sikia: mwaka 2025 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walieleza kwamba usiku huo huo wanamwaga nje vipande vya kujengea DNA, vyenye nitrojeni ambayo bahari kuu huililia. Ni kama kupika pilau ukampelekea jirani sufuria nzima. Jirani ni bakteria aitwaye SAR11, asiyeweza usanisinuru. Akivila vipande hivyo, mwili wake hupunguza kasi, kama mtu aliyeshiba daku akajinyoosha hadi kesho. Mimi siuiti uchafu huo. Ni biashara, ila haina mizani.

Harufu ya bahari inatoka wapi? Wageni huniuliza kila siku. (Muuza samaki, Malindi)

Dada yangu, kwa sehemu kubwa ni gesi ya salfa, daimethili salfaidi. Vijidudu vya usanisinuru hutengeneza malighafi yake, bakteria huivunja. Baadhi ya ndege wa bahari kuu huifuata kutafuta chakula. Harufu ya ndoo yako ni kesi nyingine.

Mbalamwezi inatosha vijidudu hivyo kupika? (Msomaji, Lamu mjini)

La. Jua huushinda mwezi mpevu kwa takriban mara 400,000. Lakini wadudu wadogo wanaokula hao wapishi, wale wapandao juu usiku na kushuka kukicha, mwezi wanauona, na wengi hubaki chini zaidi ukiwa mpevu. Waulize wavuvi wa dagaa kwa nini usiku huo karabai zinabaki nyumbani.