Re: Boti ya zamani ya kuvulia sangara, inafaa kufufuliwa?

Ndugu, umeuliza kama hiyo boti ya faiba iliyolala Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, miaka mingi mnaweza kuifufua wenyewe na marafiki. Mnaweza, ila kabla ya kuwaza rangi kagua ubao wa nyuma unaobeba injini. Ugonge kwa mpini wa nyundo: ukilia bubu, umeoza ndani. Toboa tundu dogo. Unga wa mbao ukitoka mweusi na wenye unyevu, ng'oeni ubao wote. Watu hudhani ziwa halina madhara kwa sababu halina chumvi. Kumbe chumvi ndiyo huzuia kuvu inayoozesha mbao! Kausheni boti chini ya turubai, mvua za Machi hadi Mei zikishapita, ndipo mpake epoksi, ile gundi ngumu isiyopitisha maji. Marafiki wapige msasa, barakoa lazima. Injini mwachieni fundi.