Wasomaji Wauliza: Fisi, Marisau na Boma la Mbuzi

SWALI: Habari zenu wahariri. Nafuga mbuzi na kondoo huku Kitengela na fisi wamenimaliza, wakikuja usiku wanachimba chini ya boma wanatoka na mbuzi. Niko na shotgani ya laiseni. Nimeona video za Wamarekani wanayeyusha risasi, ile metali nzito inayoitwa lead, wanaweka antimoni, metali nyingine ya kuigumisha, wanatengeneza marisau magumu (zile gololi ndogo za shotgani) ya kupiga koyoti, mbwa mwitu wa kwao, alafu wanajaza katriji wenyewe. Kuna fundi Kariobangi anasema betri za gari kuukuu ziko tele, ataniyeyushia risasi iliyo ndani yake. Nianze?
Mfugaji, Kitengela

JIBU: Pole sana ndugu yetu, mbuzi ni karo ya watoto na tunajua uchungu wake. Lakini usianze, tunakuomba kabisa.

Hao Wamarekani hawakudanganyi kuhusu ugumu. Risasi laini ikisukumwa kwa mtutu inabonyea, na gololi iliyobonyea inaenda kombo, ndio maana wanaongeza antimoni ili zote ziende pamoja. Ila kwao koyoti anawindwa kihalali majimbo mengi. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na fisi analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013 hata akiwa ndani ya shamba lako. Na laiseni yako ni ya kumiliki bunduki, sio ya kutengeneza katriji, hiyo ni kazi ya aliyesajiliwa na ukishikwa bila hiyo karatasi ni kesi.

Tuseme sheria haikutishi, basi fikiria hizo betri. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, jiko la kawaida la fundi linafika hapo bila shida, na hapo ndio hatari iko kwa sababu inaonekana rahisi. Vumbi lake linashika nguo na mikono, unalipeleka nyumbani, mtoto anaweka vidole mdomoni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, inaharibu ubongo wa mtoto na hairudi. Mtaa wa Owino Uhuru pale Mombasa watu waliugua na wengine wakafa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa ukutani mwao, mahakama 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukafutwa kwenye rufaa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Upeo ambayo Desemba 2024 ikarudisha uamuzi huo. Pesa imeamuliwa, afya haikuamuliwa na mtu.

Alafu mzoga. Fisi aliyepigwa akafie kichakani, tumbusi wanamla na vipande vya risasi ndani, na tumbusi wetu tayari wanaisha kwa sumu. California walikataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu 2019, sababu kubwa ikiwa ndege wala mizoga.

Sasa boma, kwa sababu shida yako iko hapo. Umesema mwenyewe wanachimba chini, kwa hivyo miba peke yake haitakusaidia. Weka waya wa cheinlinki kwa nguzo imara, ule wa chini usiuache unaning'inia, uzike ardhini ama uukunje kwa nje kisha uulaze chini na mawe makubwa juu, fisi akianza kuchimba anakutana na waya. Mlango ndio watu wengi wanasahau, wanajenga ukuta mzuri alafu mlango ni matawi! Tafuta fundi jua kali akutengenezee wa pipa lililonyooshwa, usioacha nafasi ya kichwa kupita. Fisi madoa mkubwa anapita kilo 60, akisukuma anasukuma kweli. Chui naye anapanda, kama yuko eneo lenu funika juu pia. Na uwe na mbwa wawili watatu wanaobweka, kazi yao ni kukuamsha tu, kupigana na fisi hawawezi.

SWALI: Taa za kufukuza simba ni kweli ama ni hadithi? Msomaji, Rongai

JIBU: Ni kweli. Richard Turere alizibuni akiwa bado mtoto huko huko karibu na mbuga ya Nairobi, baada ya kugundua simba anaogopa mwanga unaotembea kwa sababu anadhani kuna mtu na tochi. Balbu zinawaka kwa zamu, betri inachajiwa na sola. Taa iliyosimama pahali pamoja wanyama wanaizoea, kwa hivyo usifunge balbu moja ya stima ukadhani umemaliza. Kitengela hiyo hiyo simba sita waliuawa siku moja Juni 2012 baada ya kula mifugo, na tungependa sana isirudie.

SWALI: Nikiuliwa mifugo nalipwa? Mama Mbuzi, Athi River

JIBU: Sheria inaruhusu fidia, lakini mama, sikia hili vizuri: inasema pia kama hukuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo hulipwi, so hata risiti za waya ziweke. Usiguse mzoga, piga picha pamoja na nyayo, ripoti KWS, shirika la wanyamapori, haraka waje waone wenyewe, ujaze fomu ya madai na ubaki na kopi, kwa sababu malipo yanachelewa na utahitaji kufuatilia.