Jibu: Wapokeaji watatu, anayefanya kazi ni mmoja tu

Mkuu, umesema una Camel (maktaba ya Java ya kuunganisha mifumo) na ActiveMQ Classic (seva inayopokea jumbe na kuzipanga kwenye foleni), wapokeaji watatu, yaani programu zinazochukua jumbe, kwenye foleni ya oda, lakini mmoja anahenya na wawili wamekaa tu, halafu jumbe nyingine zinapotea. Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye.

La kwanza ni prefetch, yaani idadi ya jumbe anazorundikiwa mpokeaji mapema. ActiveMQ humsukumia mpokeaji wa foleni hadi jumbe 1000 kabla hajathibitisha hata moja. Ukiwa na oda 600, wa kwanza kuunganishwa anaweza kuzibeba zote, wenzake wakija wanakuta sufuria tupu. Kama kila oda inachukua sekunde kadhaa, badilisha anwani ambayo programu zako hutumia kuunganisha na ActiveMQ iwe hivi:

tcp://localhost:61616?jms.prefetchPolicy.queuePrefetch=1

Kisha washa upya programu zote tatu. Mimi niliwahi kusahau moja, nikashinda mchana kutwa nikiilaumu Java.

Zilizopotea sasa. Fungua konsoli ya ActiveMQ kwenye kivinjari, bandari 8161, utazame foleni ya ActiveMQ.DLQ, ambako huwekwa jumbe zilizoshindikana. Ujumbe wa kudumu (persistent) ukirudiwa mara 6 bila kufaulu huishia huko. Ila hiyo ni iwapo umeweka transacted=true (ujumbe uthibitishwe tu kazi ikifaulu) kwenye njia yako ya Camel (route). Usipoiweka, Camel kwa kawaida inakuwa imeshauthibitisha ujumbe kabla ya kuushughulikia. Kosa likitokea katikati, umekwenda na maji.

Angalia na herufi: jms:queue:Oda na jms:queue:oda ni foleni mbili, na ActiveMQ huiunda hiyo ya pili kimya kimya.

Ikigoma bado, bandika njia yako hapa tuione.