"Run" haina miguu: kwa wafasiri wapya

Kila kundi jipya la wafasiri likiingia, "pua inakimbia" inarudi, tafsiri ya neno kwa neno ya the child's nose is running. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini mtoto anatokwa na kamasi, basi. Na msisingizie kamusi: kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford imehesabu maana 645 za run kama kitenzi peke yake. Ile ya kwenye simu yenu imewapa chache za juujuu.

1. Anza na kinachotenda: ni mtu, mashine, maji au muda? Mto unapita bondeni, bomba linatoa maji, nguo inachuja rangi, mkataba ni wa miaka miwili, kisukari kimo kwenye ukoo. Hakuna hata kimoja kilichokimbia.

2. Kisha tazama kineno kinachofuata. Run into rafiki ni kukutana naye kwa bahati. Run into ukuta ni kuugonga. Run over paka ni kumkanyaga kwa gari, ila mkutano uki-run over umepitiliza muda. Run for urais ni kugombea. Uingereza utakuta pia stand, msishtuke.

3. Endesha. Hapa tukae kidogo, na tuungame wote. Mfasiri akishajua kwamba run si kukimbia tu, hurukia endesha na kudhani amevuka mto. Kuendesha kampuni, mashine, programu: sawa kabisa. Kisha anaendesha vipimo badala ya kupima, anaendesha habari gazetini badala ya kuichapisha, na mgonjwa "anaendesha homa". Hayo mhariri huyakamata huku akicheka.

Linalopenya ni hili: She runs a team of five nurses. "Anaendesha timu ya wauguzi watano" haina kelele. Sentensi inatakiwa ifupishwe, timu inaondolewa, inabaki "anawaendesha wauguzi watano". Sarufi safi, na mama wa watu ameshakuwa dikteta! Kumwendesha mtu ni kumpelekapeleka utakavyo. Andika anawasimamia. Kwenye maandishi ya afya ogopeni zaidi, kwa sababu tumbo la kuendesha ni kuhara. A nurse will run you through the steps ikiwa "muuguzi atakuendesha", nani atarudi kliniki? Andika muuguzi atakueleza hatua moja moja.

Mara nyingi mchawi ni kumbukumbu ya tafsiri, yaani hazina ya kompyuta inayotunza tafsiri za zamani na kuzileta tena maneno yakifanana. Kitufe cha Run kwenye programu ya kompyuta kilitafsiriwa Endesha, kikahifadhiwa. Ikaja programu ya mazoezi, Run iko peke yake kwenye skrini, kumbukumbu inaleta Endesha kwa mfanano wa asilimia 100, mfasiri anabofya kukubali. Mtu kavaa raba, kafunga kamba, anaambiwa aendeshe. Pale ni nomino: Mbio. Kipande cha neno moja kisikubaliwe, hata kifanane vipi, kabla hujaona picha ya skrini. Picha haipo? Muulize mteja.

4. Run out. Tofautisheni kuishia na kuishiwa, tafadhali, tumechoka kusahihisha. "Mradi umeishia fedha" hapana. Mradi umeishiwa fedha, au fedha zimeuishia mradi. Ukisema mradi umeishia, msomaji anasubiri umwambie umeishia wapi.

5. In the long run ni hatimaye. Dry run ni jaribio, ukavu haumo. Print run ni idadi ya nakala zinazochapwa kwa mkupuo mmoja. Bank run ni wateja kuikimbilia benki kwa pamoja kutoa akiba zao, na hapo, ruksa, kimbieni.

6. Kabla ya kukabidhi kazi, bonyeza Ctrl na F, tafuta "kimbi" kisha "endesh". Tafuta mzizi, si neno zima: ukiandika "kuendesha", ile "anawaendesha" itakaa kimya mafichoni. Kila inapotokea, soma sentensi ya Kiingereza upya, yote, mpaka kwenye nukta.