Ukienda Muiderslot, anza na matofali

Mara ya kwanza kwenda Muiderslot, ngome ya kale mjini Muiden, Uholanzi, nilipiga picha thelathini na ushei, nikarudi nyumbani sikumbuki hata chumba kimoja. Mara ya pili nilikwenda na mwanangu wa miaka tisa. Langoni tu akaniuliza, "Baba, hii ngome ni ya zamani kweli au wameijenga juzi?" Nikababaika. Sasa kila mgeni wangu anayefikia Amsterdam namtuma na swali hilo. Ni kilomita kama 15 tu.

Ngome yenyewe ni ndogo, mita 32 kwa 35, imezungukwa na handaki la maji. Floris V, mtawala wa Holland (sehemu tu ya Uholanzi ya leo), aliijenga karibu mwaka 1285 pale mto Vecht unapoishia, kwa kuwa vyombo vya biashara vya kwenda Utrecht vilipita hapo na yeye alitaka ushuru wake. Mwaka 1296 mabwana wa chini yake walimteka, wakamfungia humohumo alimojenga, kisha wakamuua. Ngome ikabomolewa. Hii ya leo ilisimamishwa karibu miaka mia baadaye, juu ya msingi uleule.

Kwa hiyo mwanangu hakukosea sana. Na bado hatujafika kwenye ukarabati! Mwaka 1825 ilikuwa gofu linalouzwa livunjwe, mfalme Willem I akaingilia kati. Ukarabati wa maana ulianza 1895 tu, chini ya msanifu majengo Pierre Cuypers, yuleyule aliyebuni Rijksmuseum, makumbusho ya taifa, na stesheni kuu ya Amsterdam. Ushauri wangu: yatazame kwanza majengo hayo mawili, ndipo uende Muiden ukiujua mkono wake. Cuypers aliipenda Enzi ya Kati kuliko, nadhani, waliokuwa wakiishi humo na baridi yake.

Usikimbilie ndani. Vyumba vimepambwa kwa mtindo wa karne ya 17, alipokuwa akikaa mshairi P.C. Hooft, na ni vizuri, ila samani hazikukaa pale zikimsubiri mtu katika gofu lile. Zunguka nje kwanza. Uholanzi, matofali ya kale kwa kawaida ni makubwa kuliko yaliyofuata, kwa hiyo ukubwa wake unakudokezea wapi ni pa zamani na wapi ni pa ukarabati. Mwanangu nilimpa kazi ya kuyapima kwa kiganja. Tulitumia saa nzima ukutani, na mnarani tukapanda mbiombio wakikaribia kufunga.