Maswali ya Wasomaji: Asasi Tatu, Hospitali Moja na Mama Aliyepewa Rufaa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaratibu asasi ndogo inayohudumia kina mama wajawazito vijijini mkoani Kigoma. Tunashirikiana na asasi nyingine mbili pamoja na hospitali ya wilaya, lakini kila mmoja ana taarifa zake. Sisi tunatumia majedwali ya Excel, wenzetu wana programu ya simu waliyopewa na mfadhili, wengine wanaandika daftarini, na hospitali ina vitabu vyake vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya. Mama akipewa rufaa, mara nyingi hatujui kama alifika. Sasa mfadhili yuko tayari kutununulia mfumo mmoja wa kompyuta tuutumie sote. Tuanzie wapi?
*Mratibu, Kigoma*

JIBU: Ndugu Mratibu, msihi mfadhili awape miezi michache kabla ya kununua chochote, kwa sababu tatizo ulilolieleza halikuanzia kwenye kompyuta. Kaeni meza moja, kila asasi ije na fomu yake iliyokwisha kujazwa na wahudumu wake, majina halisi yakiwa yamefichwa, mzitandaze na kuzisoma mstari kwa mstari. Huenda mkakuta kwamba kwenu rufaa inahesabiwa siku mhudumu anapomwandikia mama karatasi, ilhali hospitalini inahesabiwa mama anapofika mapokezi. Mwisho wa mwezi ninyi mtataja idadi kubwa, wao watataja ndogo, na kila upande utamshuku mwenzake ingawa wote wanasema kweli. Mama yule yule anaweza kuwa Mwanahamisi kwenye fomu moja na Mwanakhamis kwenye nyingine. Na 04/07 kwenu ni mwezi wa saba, lakini programu iliyopangwa kwa tarehe za Kimarekani itaisoma kuwa mwezi wa nne. Mkiyaingiza hayo kwenye mfumo mpya kama yalivyo, mtapata ugomvi ule ule, ila utafika kwa kasi zaidi.

Wenzetu wa Afrika Kusini waliyapitia haya kwa kiwango cha nchi nzima. Ubaguzi wa rangi ulipokoma mwaka 1994, serikali mpya ilirithi idara za afya 14, kwa kuwa utawala uliopita ulikuwa umezigawa huduma kwa rangi na kwa maeneo yaliyotengewa watu weusi, na fomu za kukusanyia takwimu zilitofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine. Wanaharakati wa afya na watafiti waliokuwa Cape Town, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, hawakujaribu kuandika fomu moja ndefu ya kumridhisha kila mtu. Walikubaliana na wahudumu juu ya takwimu chache zisizokwepeka, ambazo kila kituo kingezitoa kwa maana ile ile, kisha wakaweka kanuni ambayo mimi naiona kuwa ya busara kuliko programu yoyote: kila ngazi iwe huru kukusanya ya ziada inayoyahitaji, mradi yale machache ya pamoja yasiguswe. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa DHIS, programu ya kompyuta ya kukusanyia takwimu za afya, na toleo lake la DHIS2 ndilo linalopokea takwimu za MTUHA hapa Tanzania.

Kwa rufaa zenu, nadhani mambo sita yanatosha: namba ya kumtambulisha mama, kituo kilichomtuma, kilichotarajiwa kumpokea, sababu ya rufaa, tarehe aliyotumwa na tarehe aliyopokelewa. Mengine kila asasi ibaki nayo. Suala la namba lisiharakishwe, maana ndilo litakalowashika mkono au kuwaangusha. Si kila mama ana namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), lakini aliyeanza kliniki ana kadi yenye namba, na kadi hiyo anakuwa nayo hata usiku wa manane anapopandishwa bodaboda. Kwa kuwa vituo viwili vinaweza kutoa namba zinazofanana, itangulizeni namba ya kituo, kama inavyosomeka katika rejesta ya vituo vya afya ya wizara, badala ya kubuni yenu.

Kuhusu mfumo mmoja, sishauri taarifa zote zirundikwe mahali pamoja. Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3, tangu mwaka 2001 inatumia mtandao uitwao X-Road, ambao kila taasisi inabaki na hifadhidata yake na kujibu maswali ya taasisi nyingine yenye ruhusa, huku kila ujumbe ukisimbwa ili mwingine asiusome, ukitiwa saini ya kidijitali na kuwekwa kumbukumbu. Sheria yao inakataza kuanzisha hifadhidata mpya kwa ajili ya kukusanya taarifa ambazo nyingine inazo tayari, na raia anaweza kutazama ni nani aliyezifungua taarifa zake. Ninyi hamhitaji mitambo ya aina hiyo, ila kila kipande cha taarifa kiwe na mwenye nacho mmoja tu, ambaye ndiye pekee anayekisahihisha. Tarehe ya kupokelewa ni ya hospitali. Asasi isiibadilishe hata ikiwa na hakika kwamba imekosewa, bali itoe taarifa kwa mwenyewe.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni mhudumu wa kijijini. Huyu tayari anaandika habari moja mara mbili au tatu, kwenye daftari, kwenye kitabu na kwenye simu, na taarifa zikishapanda juu hazimrudii. Upangeni mfumo wenu ili mama akipokelewa hospitalini, mhudumu aliyemtuma apate ujumbe mfupi siku hiyo hiyo: "Mama wa kadi namba fulani amefika." Asipofika baada ya muda mliokubaliana, mhudumu huyo huyo ajulishwe ili amfuatilie nyumbani. Akiona taarifa zinamsaidia kuokoa mtu anayemfahamu, atazijaza bila kusukumwa.

Yote haya yaandikwe kwenye hati ya makubaliano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na inawataka wanaozikusanya na kuzichakata wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hati hiyo itaje pia nani atalipia seva na vifurushi vya intaneti mfadhili atakapoondoka.

SWALI: AMCOS yetu (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), ghala na chama kikuu hupeana taarifa za uzito wa korosho kwenye kundi la WhatsApp, na kila msimu tunagombana. Tuliache?
*Katibu, Mtwara*

JIBU: Msiliache, Ndugu Katibu, ila lisiwe daftari lenu. Kundi linafaa kwa kutangaza kwamba gari limeondoka au mzani umeharibika. Uzito ukiandikwa humo unazikwa na salamu na picha kabla ya jioni. Kila shehena iwe na namba moja inayoanzia kwenye hati ya AMCOS na kufuata mzigo hadi ghalani, na pande mbili ziandike uzito wake zikiwa pamoja kwenye mzani, kila upande ukibaki na nakala iliyotiwa saini. Kwenye kundi tumeni namba hiyo pamoja na picha ya hati, na mteue mtu mmoja wa kila upande wa kuthibitisha kabla ya siku kwisha.