Jibu: Kiwanda kimenitumia kurasa 38 za masharti ya usalama, ni janja ya kutukataa mafundi wadogo?

Mdogo wangu wa Walukuba, swali lako nimelisoma mara mbili. Una mafundi 8, mmezoea mageti na mapaa ya maduka hapo Jinja, sasa kiwanda cha sukari kimekuita ubadilishe paa na kuziba tangi linalovuja. Kabla hujataja bei wamekurushia kurasa 38: bima, vyeti, mpango wa usalama, kibali cha hiki na kile. Unauliza kama ni njia ya kuwaondoa wadogo ili kazi ziende kwa wakubwa wa Kampala.

Mara nyingine matokeo huwa ndiyo hayo, ila janja siyo. Mimi nimechomelea viwandani kuanzia Tororo hadi Lugazi kwa miaka 17, na 9 ya mwisho ni mimi mwenye watu. Kinachotumaliza sisi wadogo ni kutuma bei kabla ya kusoma zile kurasa. Unapiga hesabu ya mabati, vijiti vya kuchomelea na posho ya vibarua, unashinda kwa sababu wewe ndiye rahisi kuliko wote. Ukifika getini unaulizwa hanesi (mikanda ya kumshika mtu asianguke) ziko wapi, mlinzi wa moto nani, kipima gesi kipo? Na katika bei yako hakuna hata shilingi moja ya hayo. Hapo ndipo mtu anaanza kubania, na nitakuambia nilivyobania mimi.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu wa kujitegemea, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Tulikuwa tunabadilisha bamba lililoliwa na kutu chini ya mkanda unaopeleka makapi ya miwa kwenye boila. Fundi umeme wa zamu alizima swichi, akaniinulia dole gumba. Fomu ya kibali ilikuwa na mstari unaouliza kama mkandarasi ameweka kufuli yake. Nikatia alama ya ndiyo. Kufuli sikuwa nayo. Saa nane mchana zamu zikabadilishana, fundi mpya akakuta swichi imezimwa na wa boila wanapiga kelele kwamba makapi hayaji, akaiwasha. Mkanda ulisogea hatua mbili tu kabla ya kijana mwingine kuvuta kamba ya dharura. Aliyekuwa chini alipoteza vidole viwili vya mguu wa kulia.

Ningeweza kumlaumu yule fundi wa zamu, na kwa miezi kadhaa nilimlaumu. Lakini aliyetia alama kwenye mstari wa kufuli ni mimi.

Kwa hiyo mstari huo ukiuona usiupite. Maana yake ni kwamba kila mtu anayeingiza mkono au mguu mahali pa hatari anaweka kufuli yake mwenyewe kwenye swichi kuu, ina lebo ya jina lake, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Fomeni hashiki funguo za watu. Mkiwa wengi kuna kile kibano cha chuma chenye matundu, kila mmoja anatia kufuli yake hapo, na mashine haiwaki mpaka wa mwisho afungue. Baada ya kufunga, bonyeza kitufe cha kuwashia uone kama kweli imekufa. Halafu angalia visivyo umeme: mvuke uliobaki kwenye bomba, kitu kizito kilichoning'inia, mgandamizo wa hewa. Kufuli 8 ngumu pamoja na vibano hazifiki hata robo ya nilichotumia kwa mguu ule.

Nilichotumia ni hiki. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya hapa Uganda inamtaka mwajiri awe na bima, na mwajiri ni wewe, si kiwanda. Mtu akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni mshahara wake wa miezi 60. Ukiwa wa sehemu, daktari anaandika asilimia. Piga hesabu: fundi unayemlipa 600,000 kwa mwezi, msingi ni milioni 36, kila asilimia 1 ni 360,000. Hapo bado hujalipa hospitali. Mimi bima sikuwa nayo. Niliuza jenereta na pikipiki, na ofisi ya kazi ya wilaya nikaifahamu mpaka rangi ya viti vyake.

Sasa kibali cha kazi. Watu wanakichanganya na kile cha uhamiaji wanachohangaika nacho wenzetu wanaovuka mpaka wa Malaba. Hiki ni karatasi ya siku moja au zamu moja inayosema kazi gani, wapi, hatari gani, nani ameruhusu. Vijana wanaiona kama sahihi ya kupitia geti tu. Julai 6, 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha huko Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo, tundu likafunikwa kwa bamba. Karatasi ya kusema hivyo haikuwafikia waliokuwa zamu ya usiku. Pampu ya pili iliposimama wakaiwasha ile ya kwanza. Watu 167 walikufa. Zamu zilibadilishana na habari haikuhama, sawasawa na mkanda wangu wa makapi. Siku hizi kazi ikivuka zamu nasimama mwenyewe na wote wawili, anayetoka na anayeingia, tukiwa mbele ya swichi, si ofisini.

Vifaa vya kujikinga unanunua wewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi hatozwi, kwa hiyo ule mtindo wetu wa kukata bei ya buti kwenye posho ya vibarua achana nao. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoona hatari. Michango ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, asilimia 10 yako na 5 yake, kiwanda kitakuuliza pia. Hayo ya kodi mwachie mhasibu.

Paa lako: usikanyage kabla ya kujua ni la nini. Viwanda vya zamani vya Jinja vingine vina mabati ya simenti yenye asbesto. Ukiyakuta, simamisha kazi na uiandikie kampuni. Usiyakate kwa greinda, vumbi lake ndilo linaloua mapafu. Na vile vipande vya plastiki vya kuingiza mwanga hushika vumbi mpaka vifanane na bati. Mtu anakanyaga, anatumbukia. Weka mbao za kutembelea, na hanesi iwe ya mwili mzima, siyo mkanda wa kiuno.

Jambo ambalo hakuna kurasa 38 zinazolitaja: mafunzo ya getini hutolewa kwa Kiingereza. Vijana wangu walikuwa wanatikisa kichwa, "yes sir", hawajaelewa hata king'ora kinamaanisha nini. Omba dakika 20 uyarudie kwa Kiswahili au Lusoga, kisha mwulize mmoja mmoja akuonyeshe wapi pa kukusanyika kukiwa na moto. Afisa usalama akikasirika, mwache akasirike.

Kuhusu bei, andika usalama kwa mistari yake yenyewe: hanesi, mlinzi wa moto anayebaki saa nzima baada ya kuchomelea (makapi ya miwa huficha kaa la moto muda mrefu), siku ya mafunzo ambayo watu hawafanyi kazi lakini wanakula na kulipwa. Mnunuzi akisema ghali, muulize hivi: mshindani wangu ameandika ngapi kwenye mstari huohuo? Mara mbili nimepata kazi nikiwa wa pili kwa bei, kwa sababu wa kwanza mistari hiyo hakuwa nayo. Mara nyingi zaidi nimekosa.

"Chai" ya kupitisha faili uliyoulizia, usitoe. Anayeipokea hatakuwepo siku mtu wako akilala kwenye machela.

Tangi ndilo linalonitia wasiwasi, na hujasema lina nini. Kama ni la molasi (ule uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa), mabaki yake huchachuka na kutoa hewa ya ukaa, nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia chini bila harufu. Wa kwanza anaanguka, wa pili anaingia kumwokoa, anaanguka naye. Oksijeni ikisoma chini ya asilimia 19.5 hakuna anayeingia, na anayepima hapimi kwenye mdomo wa tangi tu, anashusha kipima mpaka chini. Waulize kwa maandishi nani analisafisha, nani anapima na nani anakaa nje na kamba. Bei ya tangi usiitume mpaka wakujibu. Wakikujibu, bandika hapa tuone.